Konokono wa Profesa

Idara nzima hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Konokono kwa walinzi wa getini, Mama Konokono kwa wanafunzi walipodhani hasikii, na hata kikombe chake cha chai kilikuwa kimeandikwa hivyo ubavuni kwa wino mzito usiotoka kwa sabuni. Jina lilianza kama kejeli. Mwanamke aliyevuka miaka thelathini na tano bila mume wala mtoto, halafu anashinda kutwa akibembeleza konokono, watu hawawezi kumwacha salama. Yeye alilipokea bila kinyongo. Alisema konokono hawadai ada ya shule wala hawajibizani na mtu, kwa hiyo kwa upande wa malezi amewapita wengi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kuna konokono wadogo wa majini, hawazidi ukucha wa kidole cha mwisho, ambao hubeba vijidudu vya kichocho kabla havijamwingia mtu anayeoga au kufua mtoni. Mama Konokono aliwafuga hao maabara, ndani ya mabeseni yaliyopangwa juu ya rafu za chuma. Aliwachemshia majani ya saladi mpaka yakalainika. Maji yao aliyaacha wazi kwenye ndoo tangu jana yake ili ile dawa ya bomba ipotee, maana ukiwamiminia maji yanayotoka moja kwa moja bombani, kesho utakuta magamba matupu. Ni kazi ya kuchosha, ina harufu ya dimbwi, na haina sikukuu. Ndugu zake walishaacha kumwalika kwenye harusi za mbali kwa sababu jibu walilijua: nani atawabadilishia maji?

Humo ndani ya mabeseni aliwahi kuona kitu. Aliletewa konokono wa kipande fulani cha mto, akawawekea vijidudu vya kichocho kama alivyowawekea wenzao wote, nao wakagoma kuambukizwa. Alirudia, wakagoma tena. Profesa, mkuu wake, aliinama kwenye hadubini, akachungulia, akasema jaribio limeharibika, wamwagwe. Mama Konokono akaitika, "Sawa, Profesa," akabeba beseni hadi kwenye sinki, na pale kwenye sinki mkono ukakataa. Akawaficha rafu ya chini nyuma ya madumu ya spiriti. Akawazalisha. Akawajaribu watoto wao, kisha wajukuu wao, na ukoo mzima ukawa na kichwa kigumu vilevile. Akawaita wakaidi. Siku aliyompelekea Profesa matokeo, mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akasema, "Mwanangu, hiki sasa ni kitu."

Na kweli kilikuwa kitu. Wakaidi wakawa fahari ya chuo. Wageni wakija, wanapitishwa maabara kuwaona, ingawa konokono aliyekataa ugonjwa na aliyeupokea, kwa macho ya mgeni, wote ni punje nyeusi zinazotambaa kwenye beseni. Makala ziliandikwa, Mama Konokono akaziandika yeye, na kila mara jina la Profesa likatangulia. Hakulazimishwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliweka mbele mara ya kwanza, kwa mikono yake, na asingejisikia vizuri kufanya vinginevyo.

Hapo lazima lielezwe jambo moja kuhusu adabu za watu hawa, maana bila hilo mtu atamwona mwanamke huyu mjinga, na mjinga hakuwa. Pale kwao mdogo hajisifu. Akiulizwa hadharani kazi ni ya nani, husema, "Ni kazi ya Profesa, mimi nilisaidia tu." Basi hapo mkubwa naye ana sehemu yake. Hucheka, hupunga mkono kama anafukuza nzi, halafu husema, "Msimsikilize huyu. Kazi yote kaifanya yeye, mimi nilikuwa nakunywa chai." Ukumbi unacheka. Kila mtu ameelewa kazi ni ya nani, mtoto amebaki na adabu yake, na mkubwa ameonekana mkarimu. Mama Konokono na Profesa walikuwa wamelicheza jambo hilo kwenye kumbi nyingi mno, wakirushiana kama mpira, na hakuna hata siku moja mpira ulianguka.

Isitoshe, Profesa hakuwa bosi tu. Alimfundisha tangu mwaka wake wa kwanza chuoni, binti mwembamba aliyekuwa anaogopa kuuliza swali. Baba yake binti alipofariki, Profesa alikuja msibani akakaa na wajomba zake chini kwenye mkeka mpaka watu wakatawanyika. Mama yake binti, ambaye ni fundi cherehani, humshonea Profesa shati kila mwaka, na hajawahi kumpima. Anayajua mabega yake kwa macho. Nyumbani kwao ukisema "Profesa" bila kutaja jina, hakuna anayeuliza yupi.

Kwa hiyo ulipotangazwa ufadhili wa watafiti ng'ambo, aliyemletea habari alikuwa Profesa mwenyewe. Ilikuwa nafasi ya miaka miwili katika taasisi yenye mashine za kuchungulia ndani kabisa ya mwili wa konokono, kule ambako hadubini ya idara haifiki. Swali moja tu lilikuwa limemkalia Mama Konokono kooni miaka yote hiyo: wakaidi wana nini mwilini kinachoukataa ugonjwa? Pale alipo asingelijibu hata angezeeka na mabeseni. Kule angelijibu. Na akilijibu, siku moja huenda mtoto akaoga mtoni akatoka salama.

"Omba, mwanangu," Profesa alisema. "Mimi nitakuwa mdhamini wako, nitakushuhudia."

Akaomba. Akachujwa na wengi akabaki na wachache. Akaitwa kwenye usaili wa kompyuta, akakaa mbele ya kioo chenye nyuso tatu, amevaa blauzi ambayo mama yake alikesha akiitia kola mpya. Walimuuliza mengi, na mengi aliyajibu bila kubabaika. Halafu mwanamke mmoja mwenye nywele fupi za mvi akamuuliza, taratibu kabisa, wazo la kuwatunza wale konokono badala ya kuwatupa lilikuwa la nani.

Mama Konokono akatabasamu. Swali alilijua, na jibu alikuwa nalo tangu ujana. "Ni kazi ya Profesa wangu," alisema. "Mimi nilisaidia."

Akasubiri kicheko. Hakikuja, lakini hilo halikumtia wasiwasi, kwani Profesa hakuwepo chumbani. Mwanamke mwenye mvi aliandika kitu. Kisha wakamwambia kwamba ndani ya wiki hiyo watampigia Profesa simu wazungumze naye pia, na moyo wake ukatulia kabisa. Nusu ya jibu ameitoa yeye, nusu ya pili itatoka kwa mzee. Alifunga kompyuta akaenda kubadilisha maji.

Ndipo kungoja kukaanza.

Aliyewahi kungoja jibu la namna ile hahitaji kuelezwa, na ambaye hajawahi, Mungu amuepushe. Mtandao pale maabara ulishika dirishani tu, juu ya sinki, kwa hiyo simu yake aliisimamisha pale ikiegemea chupa ya sabuni, na kila ilipolia aliacha alichoshika. Mara moja ujumbe ulianza na "Hongera! Umechaguliwa," kumbe amechaguliwa kushiriki bahati nasibu ya kampuni ya simu. Aliwatukana kimoyomoyo matusi ambayo mama yake hajui kwamba anayajua.

Nyumbani walikuwa wameshamsafirisha. Mdogo wake wa kiume aliazima futi ya mama yao akapima chumba cha dada yake, kitanda kitakaa wapi na televisheni itatazama wapi, mwenye chumba akiwa bado amelala humo. Shangazi alipiga simu akaagiza koti zito, akasema rangi yoyote ilimradi si nyeusi, maana hataki kuonekana kama mfiwa. Kazini kila aliyekutana naye kwenye ngazi aliuliza, "Bado?" naye akajibu, "Bado," mpaka salamu nyingine zikasahaulika.

Yeye naye, tuseme ukweli, alikuwa ameshaondoka. Alikuwa anajifunza kuwafunga wakaidi kwa safari. Konokono wale huishi siku kadhaa nje ya maji ukiwalaza kwenye pamba yenye unyevu ndani ya kikopo kilichotobolewa, lakini pamba ikizidi maji wanaoza na ikipungua wanakauka. Alijaribu kikopo baada ya kikopo. Alimfundisha fundi wa maabara kuchemsha saladi, akamsimamia mpaka yule bwana akamwambia, "Dada, hata mama yangu hakunifundisha kupika namna hii."

Jambo moja tu lilikuwa si la kawaida, nalo alilipuuza. Profesa alikuwa na desturi ya kupita maabara kila asubuhi, anagonga ukingo wa beseni kwa pete yake na kuuliza, "Hawa wamelalaje?" Tangu wiki ile ya simu, hakupita tena. Mama Konokono akadhani ni mambo ya vikao. Kisha siku moja akakuta mezani kwake kiti kipya, cha kuzunguka, chenye mgongo wa wavu na mikono ya kuegemea, bado kina nailoni ya dukani. Miaka yote alikuwa anakalia stuli ya mbao iliyomwachia maumivu ya kiuno.

"Kimetoka kwa Profesa," alisema sekretari wa idara, ambaye watu humwita Redio kwa sababu habari ikimfikia asubuhi, mchana imefika jikoni. Redio alikisukuma kile kiti kidogo, kikazunguka. "Amesema ukae vizuri."

"Kiti cha nini kwa mtu anayeondoka?" Mama Konokono alicheka.

Redio hakucheka. Alisema ana barua za kuchapa, akatoka. Na Mama Konokono akakaa kwenye kiti chake, akajizungusha mara mbili kama mtoto, akajisemea kwamba mzee anaagana naye kwa njia yake, hana maneno. Macho yalimlengalenga kwa mapenzi. Hilo ndilo linalouma mpaka leo katika kisa hiki, kwamba alilia kwa ajili ya kile kiti.

Jibu lilikuja mchana, mikono yake imo ndani ya beseni hadi viwiko. Alijifuta kwenye koti la maabara, akafungua simu, akasoma akiwa amesimama. Walimshukuru. Waliisifu bidii yake, na uangalifu wake, na moyo wake wa kujitoa kwa kazi. Lakini nafasi ile, walieleza, ni ya mtafiti anayeongoza wazo lake mwenyewe, na kuhusu asili ya wazo, majibu yake na majibu ya mdhamini wake yamekubaliana. Walimtakia kila la heri katika kumsaidia Profesa wake.

Aliisoma tena sentensi ile ya kukubaliana. Alijaribu kuielewa kwa namna nyingine, akaizungusha huku na huku, akajiambia labda lugha yao ina maana asiyoijua. Mwisho ikambidi aielewe kama ilivyo. Alimaliza kubadilisha maji ya beseni alilokuwa amelianza, kwa sababu lilikuwa nusu, kisha akaenda kwa Redio.

Redio alimwona usoni kabla hajafungua mdomo, akaanza kupanga kalamu zilizokuwa zimeshapangwa.

"Ulikuwepo walipopiga simu," Mama Konokono alisema.

"Dada, mimi nakaa hapa nje."

"Profesa sikio moja halisikii. Akipiga simu anaweka spika. Jengo zima linajua."

Redio akashusha pumzi. Akatazama mlango wa Profesa, ambao ulikuwa umefungwa, akaishusha sauti. "Walimuuliza lile swali. Akasema wazo lake. Akasema wewe ni mkono wake wa kulia, mtu wa kuaminika, hajapata kuona msaidizi kama wewe. Alikusifia sana, dada, kwa hilo simsemi vibaya."

"Na wewe ulijua siku zote hizi."

"Ningesemaje? Bosi wangu yule. Mkataba wangu anasaini yeye." Redio aliinua macho, yakiwa mekundu. "Nilitaka kukwambia siku ile ya kiti. Nikashindwa."

Mtu huyu hajatunza siri tangu azaliwe. Ametangaza mimba za watu kabla ya wenyewe kuwaambia waume zao. Siri moja tu maishani mwake aliamua kuitunza, na ikawa ile. Mama Konokono akageuka, akagonga mlango wa Profesa, kwa sababu hata siku ile asingeweza kuingia bila kugonga.

Mzee alikuwa anasahihisha karatasi za mtihani. Alipomwona aliweka kalamu chini sambamba na ukingo wa meza.

"Karibu, mwanangu. Kaa."

"Nimekaa sana, Profesa. Kiti ulichonipa ni kizuri."

Akabaki amesimama. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, hatua chache zile za kwenye korido, lakini yote yaliruka, likabaki swali tu. "Walikuuliza wazo lilikuwa la nani. Uliwaambia nini?"

Profesa hakujifanya hajui. Hilo lazima apewe. "Walinisomea jibu lako kwanza," alisema. "Wakaniambia, msaidizi wako amesema ni kazi yako, ni kweli? Sasa nijibuje? Niseme umewadanganya? Kwenye usaili? Wangekutupa siku ileile."

"Ungesema kama unavyosema siku zote. Ungesema wasinisikilize."

"Ah, mwanangu." Alitabasamu kidogo, kwa upole kabisa, kama anayemsahihisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. "Ule ni mzaha wa ukumbini."

Mama Konokono hakusikia vizuri yaliyofuata kwa muda. Alikuwa anairudia miaka yote, ukumbi kwa ukumbi. Siku zote yeye aliamini kwamba nusu yake, ile ya "mimi nilisaidia," ndiyo iliyokuwa mzaha, na nusu ya mzee ndiyo kweli. Kumbe mwenzake alikuwa anacheza mchezo mwingine. Kila alipopunga mkono na kuuchekesha ukumbi, alikuwa anamvisha kilemba cha ukoka, na yeye alikivaa akarudi nacho nyumbani akamwonyesha mama yake.

"Ulisema niwamwage," alisema hatimaye.

Profesa aliigeuza ile kalamu mezani. Nje mtu alikuwa anaburuta benchi.

"Nakumbuka," alisema.

"Kwa hiyo unajua."

"Najua." Alivua miwani, akaishika tu bila kuifuta, na bila miwani alionekana mtu mzima sana. "Nimefundisha hapa maisha yangu yote. Nimeandika vitabu, vimo maktaba, havijaazimwa. Wakija wageni hawaniulizi kitu kingine, wananiuliza wale konokono. Ukienda nao kule, ukarudi na jina lako, mimi nabaki na nini? Nastaafu na nini?"

"Si ungeniambia? Ungeniambia nisiombe, nisingeomba."

Na ilikuwa kweli, ndiyo maana ilimtoka kwa sauti iliyopasuka. Angemwita asubuhi moja akamwambia, mwanangu, subiri kwanza nistaafu, yeye angesubiri, tena bila kununa. Angempa. Mzee alikuwa na ufunguo wa mlango ule, akaona bora avunje dirisha. Badala ya kumwomba, alimsukuma aombe, akamtakia heri, akamwacha avae blauzi yenye kola mpya, akamwacha akae roho juu akiisikiliza simu kwenye chupa ya sabuni, na huku jambo lilishakwisha tangu wiki ya kwanza.

"Mwakani watatangaza tena," Profesa alisema, amerudisha miwani usoni na sauti yake ya kawaida. "Nitakushuhudia vizuri mno. Wewe andika unavyotaka, mimi nitatia saini tu."

Mwingine angemwaga radhi pale. Mwingine angekwenda kukichukua kile kiti akakirudisha kwa kukitupia mlangoni. Mama Konokono alifungua mdomo, na miaka yote ya kulelewa ikamshika ulimi, yote kwa pamoja. "Sawa, Profesa," alisema, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake polepole usije ukagonga. Alipofika maabara ndipo alipojua kwamba amesema hivyo, na akajichukia kuliko alivyomchukia yeye.

Nyumbani alimkuta mama yake kwenye cherehani, chumba cha mbele, amezungukwa na sare za shule za watu. Msimu wa kufungua shule ulikuwa karibu. Alikuwa anapachika mkono wa shati, pini tatu ameziuma midomoni, na alimwona mwanawe akiingia mapema, akaacha kukanyaga.

"Wamejibu?"

"Wamejibu."

Mama akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha pini kilichofungwa mkononi mwake. Mama Konokono akavua viatu, akakaa sakafuni penye vipande vya kitambaa, akamsimulia. Alisimulia usaili, mwanamke mwenye mvi, swali, jibu alilolitoa. Alisimulia simu ya Profesa na kiti na mlango. Hakulia. Alikuwa amepanga kulia akifika hapa, na sasa machozi hayakuonekana.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa na huruma, lakini palikuwa na kitu kingine kilichomsumbua, akawa anaugeuzageuza ule mkono wa shati.

"Ulijibu vizuri," alisema. "Ulijibu kama mtu aliyelelewa. Wao ndio hawakuelewa."

"Mama, wazo wamelipa mtu mwingine."

"Nimesikia. Ila hapo ndipo napotea kidogo, mwanangu, usinikasirikie." Mama alisita. "Kwani lilikuwa la nani?"

Mama Konokono alimtazama.

"Mimi najua konokono ni wa Profesa," mama akasema. "Miaka yote. Hata majirani nawaambia hivyo, mwanangu anamsaidia Profesa, Profesa ana konokono wake hawaumwi. Si wewe mwenyewe ndivyo unavyosema ukirudi? Kila siku unarudi unasema, Profesa na konokono wake."

Ilikuwa kweli. Alikuwa akisema hivyo sebuleni, akiwa na mama yake tu, mahali ambapo hapakuwa na ukumbi wala mtu wa kucheka wala mkubwa wa kupunga mkono. Alikuwa ametoa nusu yake ya jibu jioni baada ya jioni katika nyumba hii, na hakukuwa na mtu hapa wa kuitoa nusu ya pili. Profesa alimnyang'anya mara moja, kwa simu. Humu ndani alikuwa anamkabidhi yeye mwenyewe.

"Ni wangu, mama," alisema. Maneno yalitoka kwa shida, yakawa kama ya mtu anayeazima lugha.

Mama hakubisha. Aliweka shati pembeni, juu ya rundo la yaliyokwisha ingawa lenyewe halijaisha, akageuza kiti chake kikatazamana na mwanawe, akaikunjua miguu iliyochoka kwa kukanyaga.

"Basi nisimulie mimi," alisema. "Tangu mwanzo. Ilikuwaje?"

Mama Konokono akafikiri. Aliliona beseni, aliona sinki, aliuona mkono wake ulivyokataa. Vyote vilikuwa wazi mbele yake, havina mwenyewe mwingine. Akaanza.

"Siku moja Profesa," alisema, akasikia jina lililotangulia, akakomea hapo.

Mama akangoja.